Heri ya Krismasi, na tuwakumbuke wapiga mizinga wa Bastogne

Ndugu zetu, heri ya Krismasi. Tunawatakia nyumba zenye moto jikoni na watu wote wakiwa salama.

Kwa sisi tunaofuatilia historia ya mizinga, Desemba haipiti bila kuikumbuka ile ya 1944 pale Bastogne, Ubelgiji, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wajerumani walikuwa wameuzingira mji, na kati ya waliokuwa ndani walikuwamo askari Weusi wa Kikosi cha 969 cha Mizinga cha Jeshi la Marekani, enzi ambazo jeshi hilo bado lilitenga askari kwa rangi. Kikosi kama hicho kilikuwa na mizinga 12 ya milimita 155.

Mzinga huo haupakiwi kama bunduki. Kombora lenye uzito wa kilo 43 hivi huingia kwanza, kisha mifuko ya baruti nyuma yake, na kiwashio huwekwa mwisho kabisa, mlango wa nyuma wa mtutu ukishafungwa. Mshindiliaji hupiga pigo moja la nguvu hadi pete ya shaba iliyo kwenye kombora iume mifuo ya ndani ya mtutu. Akilegea, mtutu ukiinuliwa kombora linaweza kuteleza na kurudi juu ya baruti, au gesi ikapenya pembeni na kombora likaanguka karibu, pengine juu ya wenzao walio mbele. Baada ya kila kombora kufyatuliwa, chumba cha baruti hupanguswa kwa brashi yenye maji, maana kipande cha mfuko kinachofuka kinatosha kuwasha baruti inayofuata mikononi mwa mpakiaji. Sasa fikirini kazi hiyo kwenye theluji, maji yakiganda ndooni.

Baridi ilikuwa na hila nyingine. Baruti baridi huungua polepole, kwa hiyo kombora huanguka kabla ya shabaha ikiwa mpiga hesabu hakurekebisha umbali. Tena, mzinga huu hugeuka takriban digrii 25 tu kila upande. Zaidi ya hapo lazima miguu ya nyuma ing'olewe ardhini, majembe yake yakiwa yamegandiana na udongo, mzinga wa zaidi ya tani 5 uzungushwe kwa mikono na uchimbiwe upya. Waliozingirwa walitakiwa kupiga kila upande.

Na makombora yalikuwa yanakwisha. Kufikia tarehe 22 mizinga mingi mjini ilibaki na makombora 10 hivi kila mmoja, huku ukungu ukizuia ndege. Jenerali McAuliffe aliyeongoza ulinzi alikuwa mwanamizinga mwenyewe, na alijua maana ya hesabu hiyo. Anga lilifunguka tarehe 23, ndege 241 zikadondosha takriban tani 144 za mahitaji. Alfajiri ya Krismasi vifaru vya Wajerumani vilivunja mstari upande wa magharibi, vikaangamizwa kabla ya adhuhuri. Njia ya kuingia mjini ilifunguliwa tarehe 26. Baadaye Kikosi cha 969 kilipewa nishani ya heshima ya kikosi kizima.

Ndani ya 969 walikuwamo pia manusura wa Kikosi cha 333, ambao nao walikuwa Weusi, waliovamiwa karibu na Schönberg siku ya kwanza na ya pili ya mashambulizi ya Wajerumani. Wenzao 11 walitembea kwenye theluji hadi kijiji cha Wereth, na familia ya Langer ikawafungulia mlango, ikawalisha. Siku hiyohiyo, tarehe 17 Desemba, askari wa SS, jeshi la chama cha Wanazi, waliwachukua kutoka nyumba ile, wakawatesa na kuwaua. Miili yao ilikaa chini ya theluji hadi mwanzoni mwa 1945.

Mlango ule ndio unaotujia akilini kila tunaposikia habari ya Bethlehemu na nyumba ya wageni iliyojaa. Waliokuwa ndani walijua wanachohatarisha, na bado walifungua.

Mwaka 1994 mtoto wa nyumba hiyo alisimamisha msalaba mahali walipouawa. Mtakapowasha mshumaa usiku huu, wawashieni na hao 11.