Kabla hujaja kuvua Kivu

Goma

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa Uvira. Nimefurahi kusikia unakuja kuvua huku, ila zile ndoano kubwa za sangala ziache nyumbani. Ziwa Kivu halina sangala wala mukeke, wale samaki wawindaji wa kwenu. Sambaza wetu, samaki wadogo, ni jamaa ya ndagala (dagaa) wenu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na wale wanaowawinda huko hawakuja nao. Kwa mshipi tunatafuta tilapia, na jioni kambale.

Shika hili kuliko yote: usitafute samaki kilindini. Ziwa hili lina kina cha mita 485, lakini sehemu kubwa ya maji hayo ina gesi na haina oksijeni. Hata upepo wa kiangazi ukiyakoroga, hewa haivuki sana mita 60 au 70, na wakati wa mvua huishia juu zaidi. Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ndiyo kali kabisa: ukipita kama mita 11 hakuna samaki. Ukishusha mshipi mrefu kama mlivyozoea, chambo kitaning'inia bure.

Tafuta vighuba vyenye matete na maji ya mita 2 hadi 5. Pima kwa jiwe na kamba yenye fundo kila mita, kwa sababu ukingo wa Kivu huporomoka ghafla. Unapiga kasia mara chache tu, nanga haigusi tena. Karibu na mji, chini kuna mawe ya volkano, yana makali na matundu, na yanameza nanga. Jiwe la nanga lifunge kwa kikamba chembamba kuliko kamba kuu. Likinasa, vuta kwa nguvu kikatike, upoteze jiwe peke yake. Risasi ya mshipi, ile ya kuuzamisha, nayo ifunge vivyo hivyo.

Mshipi wa milimita 0.25 unatosha, na ndoano namba 8 au 10. Boya liwe dogo, uongeze risasi kwenye mshipi mpaka ibaki ncha yake tu juu ya maji. Tilapia hufyonza chambo taratibu, akihisi uzito anatema. Boya likianza kutembea pembeni, vuta hapo hapo. Wanaongoja lizame hukuta ndoano tupu. Chambo ni minyoo, au bukari (ugali) iliyokandwa mpaka ikawa ngumu, kwani laini huyeyuka kabla ya kufika. Tangulia kutupa konzi moja ya pumba. Ukizidisha, watashibia hiyo.

Alfajiri kuna nyavu za kutega kila mahali, na maboya yake ni madogo sana. Usizivuke kwa moteri. Ukinasa, zima, inua mota, zungusha pangaboi la mota kinyume kwa mkono. Usikate wavu wa mtu, ni chakula cha nyumba yake.

Ukitaka kupumzika nchi kavu, usikae bondeni wala kwenye shimo, hasa asubuhi isiyo na upepo. Ndiko mazuku hukusanyika, gesi nzito isiyo na rangi, na inaua. Kaa mahali palipoinuka.

Jaketi za kuokoa ninazo mbili. Wewe leta mafuta ya kwenda, ya kurudi, na nusu yake tena ya akiba, kwa ajili ya upepo wa mbele.

Nduguyo,
Amani