Barua ya wazi kwa wajumbe wa bodi za shule na vyuo vya Mtwara na Lindi

Waheshimiwa wajumbe,

YAH: HUDUMA KWA WANAFUNZI WENYE ULEMAVU WANAPOHAMA NGAZI MOJA KWENDA NYINGINE

Walionizidi umri, ambao siku hizi si wengi, shikamooni. Nyinyi wengine marahaba. Naandika nikiwa mwalimu mstaafu hapa Masasi, na kwa kuwa baadhi yenu nimewafundisha, mtanivumilia nikisema kama mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa.

Nina jambo moja tu. Shule zetu zimejitahidi kuwaandikisha watoto wenye ulemavu, na hilo ni la kushukuru, lakini huduma wanazozipata hukatika kila wanapohama, iwe ni kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza au kutoka kidato cha nne kwenda chuoni. Mtoto anafika akiwa na sanduku, godoro na fomu ya kujiunga, ila maelezo ya namna anavyosoma, kifaa alichokizoea na mwalimu aliyemfahamu vimebaki alikotoka. Shule mpya inaanza kumchunguza upya, na hadi imjue, muhula wa kwanza umekwisha na mtoto ameshaandikwa kwenye ripoti kuwa ni mzito wa kuelewa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale mawasiliano yake yanapohitaji utaratibu wa pekee, na inataka apatiwe huduma saidizi na mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Walimu waliosomea elimu maalumu, kama wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, hawatoshi, na bodi haina uwezo wa kuwaajiri. Kumpangia kazi hiyo mwalimu aliyepo ni jambo jingine. Bodi ikikubaliana na mkuu wa shule, mwalimu huyo anapewa barua, anapunguziwa vipindi viwili vitatu, na jina lake linabandikwa ubaoni ili mzazi anayetoka Tandahimba au Liwale ajue amtafute nani. Bila jina la mtu, huduma inakuwa kazi ya walimu wote, na sote tuliokaa ofisi za walimu tunajua kazi ya wote huishia wapi.

Kazi ya kwanza ya mwalimu huyo ni mitihani, kwa sababu hapo ndipo hasara inapokuwa haitengenezeki. Utaratibu wa Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, maana yake mtihani wa Hisabati wa saa tatu unakuwa wa saa nne, na mtihani mwingine wa saa tatu unakuwa wa saa tatu na nusu. Asiyeona huandaliwa mtihani wa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kidole, na mwenye uoni hafifu huandaliwa karatasi ya maandishi makubwa. Lakini karatasi hizo hazitokei zenyewe asubuhi ya mtihani. Zinatokana na taarifa ambazo shule imezipeleka wakati wa usajili, miezi mingi kabla. Namfahamu kijana aliyefanya mtihani wa taifa huku ameinamisha uso hadi pua inakaribia karatasi, kwa kuwa shule yake ya sekondari haikumsajili kama mwenye uoni hafifu, ingawa shule ya msingi alikotoka ilikuwa imemsajili hivyo miaka minne nyuma. Alikuwa amevaa miwani, wakadhani inatosha.

Nawaomba basi kila shule iandike karatasi ya makabidhiano, ukurasa mmoja tu, ambao mkuu wa shule anayemtoa mtoto anaukabidhi kwa anayempokea. Isiwe karatasi ya kueleza ugonjwa. Iseme mtoto anasoma kwa njia gani, na kama ni maandishi makubwa, makubwa kiasi gani. Anakaa wapi darasani na kwa nini. Sikio lipi linasikia vizuri zaidi. Kama ana kifafa, dawa anakunywa saa ngapi na dalili zinaanzaje, jambo ambalo matroni na patroni wanalihitaji kuliko mwalimu wa taaluma. Na alisajiliwaje kwenye mtihani uliopita. Mtoto mwenyewe awepo inapoandikwa. Nimeona mambo mengi yakisemwa juu ya watoto hawa nao wamekaa palepale, kana kwamba ulemavu wa miguu huziba na masikio.

Karatasi hiyo iseme pia kifaa ni mali ya nani. Mashine ya nukta nundu huwa ni ya shule ya msingi. Mtoto akifaulu, anaiacha kabatini na kwenda sekondari ambako hakuna mashine, au ipo moja ya watu watano. Afisa Elimu anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri anaweza kuidhinisha mashine imfuate mtoto kwa maandishi ya kuazima, lakini mtu hawezi kuidhinisha asichoombwa. Na sisi wa pwani tunayo adha yetu: Mtwara, Mikindani, Lindi hadi Kilwa, hewa ya chumvi inakula chuma. Mashine iliyoachwa wazi karibu na dirisha hukwama vitufe, kisha inaandikwa kuwa mbovu. Ifunikwe kila jioni, isafishwe vumbi, na karatasi zake nene ziwekwe mbali na unyevu, maana karatasi ikilegea nundu hazisimami na kidole hakisomi kitu.

Kwa wanafunzi viziwi, kinachosahaulika mara nyingi ni mwanga. Mwalimu akisimama mbele ya dirisha, uso na mikono yake vinakuwa kivuli kwa mwenye kutazama alama. Umeme ukikatika wakati wa prepo, yaani masomo ya kujisomea usiku, wenzake wanaendelea kuulizana maswali gizani, yeye amekatiwa umeme na mazungumzo kwa pamoja. Taa ya kuchaji kwa jua iliyotengwa kwa ajili ya meza ya viziwi si gharama ya kuombea mfadhili. Mkalimani wa Lugha ya Alama ni suala kubwa zaidi, na hapo msijifanye mnaweza peke yenu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo kwa ajili ya mashauriano kama hayo.

Wenye ualbino tumewafikiria upande wa ngozi tu. Kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, ni lazima, na hakuna sababu ya mwanafunzi huyo kusimama mstarini juani hadi matangazo ya mwalimu wa zamu yaishe. Lakini wengi wao wana uoni hafifu pia, na anaponyanyuka kuusogelea ubao asiambiwe akae chini.

Mwenye kiti mwendo ana adui ambaye wageni wa mikoa mingine hawamfahamu, nao ni mchanga wetu. Magurudumu madogo ya mbele yanazama kati ya lango na darasa, na mtoto anafika kwa kubebwa. Njia ya zege au ya matofali, yenye upana wa mita moja na nusu, kutoka bwenini hadi darasani na chooni, ingewapa uhuru ambao kiti kipya hakiwapi. Mteremko wa mlangoni uwe na urefu mara kumi na mbili ya kimo cha kizingiti: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Nimeona miteremko mifupi iliyosimama wima hivi kwamba hata mzima akiipanda hutafuta pa kushika. Na sherehe za kukabidhi viti mbele ya kamera zipunguzwe. Kiti kisichopimwa kwa mwili wa mtoto humwumiza mgongo, hata kama picha ilipendeza.

Nije vyuoni. Huko wanasema mwanafunzi ni mtu mzima, mwenye shida atasema. Atasema kwa nani? Vyuo vyetu vya ufundi vya VETA, vyuo vya ualimu, kampasi zilizoko Mtwara na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Masasi, Newala, Mtawanya, Chilala na Kilwa Masoko viulize kwenye fomu ya kujiunga kama mwanafunzi ana ulemavu, vikieleza kuwa jibu halitamnyima mtu nafasi. Sipendi pia tabia ya kuwaelekeza wote Mtapika, eti kwa sababu chuo kile cha hapa Masasi kiliwekwa kwa ajili ya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu. Anayetaka ushonaji aende huko kwa hiari yake. Anayetaka uhasibu asomee uhasibu. Na wale wa elimu ya juu wanaoomba mkopo wa Serikali wakumbushwe mapema kwamba uthibitisho wa ulemavu hutolewa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, wasianze kuutafuta wiki ya mwisho ya maombi.

Fedha mtaniuliza, najua. Ruzuku ya Serikali ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka haikukadiriwa kwa bei ya karatasi za nukta nundu. Lakini mengi niliyoyataja ni ya kupanga kuliko ya kununua, na yale ya zege yaombwe kwa wazazi msimu wa korosho, minada inapolipa, badala ya mwezi wa tatu ambapo kila mtu ameshatumia. Makadirio yawe tayari kikaoni, mifuko ya saruji imehesabiwa.

Naomba ajenda hii iingie katika kikao chenu kabla ya Januari, wakati majina ya kidato cha kwanza yanapopokelewa. Mkuu wa shule aulizwe mambo matatu: ni nani kati ya wanaokuja ana ulemavu, karatasi yake ya makabidhiano iko wapi, na mwalimu aliyepangiwa kumhudumia ni nani. Kama karatasi haipo, katibu aipigie simu shule alikotoka kikao kikiwa bado kinaendelea.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Masasi