Mama Baraka, hii sahihi si yako

Shoga yangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari yenyewe utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Nyanyake Baraka hajambo, mguu umepoa kidogo, mbuzi wako amezaa pacha, na Mama Dama anakusalimia kama kawaida yake, yaani anauliza kama ule mzigo uliomtumia ulikuwa mfuko mmoja au miwili. Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kuimbisha watoto. Nakuandikia kwenye daftari la Sande skuli, kisha nitapiga picha kurasa hizi nikutumie, usome huko Doha saa utakayopewa simu. Kwa sauti nimejaribu mara mbili, nikafuta mara mbili.

Haya basi. Mwanao ametia sahihi yako.

Ngoja nianzie nyuma. Unajua tangu Mwalimu Karisa ahamie Voi nimeachiwa kazi ya watoto, vijana na familia, zote tatu. Mshahara ni "Mungu akubariki", na marupurupu ni soda siku ya mkutano wa robo. Sasa kwenye mkutano uliopita nilisimama nikasema tuwe na kanuni za kulinda watoto, kwa sababu Sheria ya Watoto ya 2022 haimwachi mtu eti kwa kuwa ameshika Biblia. Kila mwalimu awe na cheti cha tabia njema cha polisi. Mwalimu mmoja asikae peke yake na mtoto chumbani. Mtoto asipande gari la kanisa bila karatasi ya ruhusa kutoka nyumbani. Namba 116, ile ya simu ya kusaidia watoto, ibandikwe ukutani ambapo mtoto anaweza kuisoma. Mzee wetu wa tarumbeta akauliza, "Tangu lini mtumishi wa Mungu akachukuliwa alama za vidole?" Nikamjibu tangu vidole viwepo. Wakacheka, ikapita. Lakini shilingi 1,050 za cheti kwa kila mwalimu hazikupita. Mweka hazina alianza kukohoa nikajua tutajilipia wenyewe, na tulijilipia.

Mwisho wa mwezi tunawapeleka watoto Ribe. Nataka waone pale walipoanzia wazee wetu, tangu Wakefield, mmishonari wa Methodisti, alipokuja mwaka wa 1862. Makaburi ya wamishonari hayawashughulishi sana. Kilichowashika ni habari ya mmishonari mwenzake, Charles New, kwamba mwaka wa 1871 alipanda Kilimanjaro mpaka akaifikia theluji. Siku nzima swali likawa, je, aliila? Basi nikachapisha fomu za ruhusa, nikazigawa, nikajiona mtu wa maana.

Jumapili, fomu ya Baraka ikarudi imekunjwa mara nne. Pale penye "Mama" pana sahihi yako, na ule mkia wa mwisho umezungushwa mara tatu, kama ulivyokuwa ukifanya darasa la saba ukijifanya meneja wa benki. Nikaitazama nikacheka. Halafu nikakumbuka uko Doha.

Nilimngoja wenzake watoke nje, mlango wazi, mwalimu wa pili ameketi pale (kanuni zangu mwenyewe hizo, zinanibana). Nikamuuliza hii karatasi imefikaje Qatar ikarudi kwa siku saba. Hakudanganya. Ameinakili kutoka ripoti yake ya gredi ya pili, ile ya mwisho uliyoitia sahihi kabla hujasafiri. Anaiweka kwenye karatasi ya nailoni chini ya godoro. "Nimefanya mazoezi wiki nzima, ticha." Mwenzangu, nusura nimpongeze. Kisha akaniomba nisikwambie. Na kanuni ya tano inasema mwalimu asimwahidi mtoto siri. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba mamako nitamwambia, ila sitamwambia kwa ubaya. Akatikisa kichwa kama mzee wa mtaa aliyekubali hasara.

Kwa nini asimpe nyanya? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Fomu niliiandika mimi. Nilinakili ya kanisa moja la Nairobi, ina mistari miwili: Baba, Mama. Hapakuwa na mahali pa nyanya. Mtoto alisoma vizuri, akafanya kilichoandikwa.

Na haikuwa mara ya kwanza nimkosee. Hukusikia habari ya Jumapili ya Familia? Labda Nyanya amekwambia. Niliipanga mwenyewe, na maua ya bogenvilia na kila kitu. Nikatangaza kwa maikrofoni, "Familia zije mbele pamoja, baba, mama na watoto, mchungaji awaombee." Wakaja. Wachache, wamevaa vitenge vya kufanana. Wengine wakabaki kwenye mabenchi wakitazama viatu. Baraka akatoka nje na ngoma ya brigedi, akaketi kando ya tangi la maji, asiipige wala nini. Alikaa nayo tu. Nilimwona kupitia dirishani nikaendelea kutangaza, shoga. Niliendelea.

Usiku ule nilifungua rejista. Watoto 38. Wanaolala nyumba moja na baba na mama ni 14. Wengine wako na nyanya, na shangazi, na kaka mkubwa anayeendesha boda. Saba mama zao wako huko huko Ghuba, wewe na wenzako. Sasa hiyo "huduma ya familia" ninayoiongoza ni ya nani?

Mchungaji naye mwezi huo huo alihubiria kina mama juu ya Susanna Wesley, jinsi alivyompa kila mtoto jioni yake: Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, mpaka Alhamisi ikawa ya Jacky, ndiye John Wesley huyu wetu, mwanzilishi wa Methodisti. Kina mama wakapiga makofi. Mimi nikaenda kusoma. Unajua barua alimoandika hayo ni ya Februari 1712, na mumewe hayupo nyumbani? Yuko London kwenye mikutano ya makasisi, na mama yule anasoma mahubiri jikoni, majirani wanajaa mpaka watu mia mbili, msaidizi wa mumewe analalamika. Nyumba tunayoisifu mimbarini mzazi mmoja alikuwa safarini! Nilimwambia mchungaji. Akasema, "Hilo sikuliweka." Nikasema liweke.

Bado naizungukia ile fomu. Siku tuliyombatiza Baraka, unakumbuka alivyomlowesha mchungaji kabla maji hayajamlowesha yeye, kanisa zima lilisimama likaahidi kumlea pamoja nawe. Nilisimama na mimi, na ule mkufu wako wa kuazima. Tuliahidi wote halafu miaka kumi baadaye namletea mtoto karatasi yenye mistari miwili.

Nimeibadilisha. Sasa inasema "Mzazi au mlezi", na Nyanya ameshatia kidole gumba, tena kwa fahari, amekipiga mara mbili. Kwa hiyo safari si tatizo, Baraka anaenda. Sahihi yako haihitajiki tena. Naitaka lakini. Chukua karatasi yoyote, hata ya risiti, andika kwamba umeruhusu mwanao aende Ribe, tia sahihi kwa mkono wako na ule mkia wako wa benki, piga picha unitumie. Nitaichapisha nimpe. Kuhusu kosa lake nimeshasema naye, amefagia ukumbi Jumamosi mbili, deni limeisha. Tafadhali usimgombeze kwa simu. Kwa simu maneno yanafika makali kuliko yalivyotoka.

Ya vijana sikuandikii mengi, tutakesha. Tangu yale maandamano ya vijana ya Juni 2024 wanataka kuona hesabu za kanisa kabla ya kufumba macho. Stiwadi mmoja, msimamizi wa mambo ya kanisa, anasema wameharibika. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza mtu asome zile hesabu mpaka ukurasa wa mwisho. Mwanzoni mwa mwaka mmoja wao alikataa katakata mheshimiwa fulani apewe maikrofoni, na mchungaji, nakwambia, alishusha pumzi kama mtu aliyeondolewa mzigo wa nazi kichwani. Lakini nao wananitia wasiwasi, wanakuja kwa wingi mazoezi ya kwaya, kwenye ibada wanabaki nje ukutani wakisema wanalinda pikipiki.

Wewe huko unaabudu Ijumaa bado, pale kwenye makanisa mengi ndani ya ua mmoja? Yule mama wa Rabai mliyekutana naye bado anakuja? Madamu ameacha kushika simu yako, au ni mpaka saa nne usiku vilevile? Na mshahara, umelipwa ule wa miezi miwili? Usinifiche kwa kuwa nimekuwa mtu wa kanuni. Mkataba unaisha Agosti kweli, au utaongeza? Baraka ananiuliza mimi, nami sina la kumjibu, namwambia muulize mwenyewe, anasema "sitaki kumchosha". Miaka kumi, eti hataki kumchosha mtu!

Saa zetu na za Doha ni zile zile. Unaweza kupata robo saa Alhamisi jioni, kila wiki, ya Baraka peke yake? Nyanya asiingilie na mambo ya paa, wala mimi na mambo ya kanisa. Simu yangu atakuwa nayo, nitakuwa nje na mwalimu wa pili tukichambua mbaazi. Kama Alhamisi haiwezekani, ni siku gani basi? Nimwambie, au utamwambia mwenyewe?

Na huyo mbuzi pacha wa pili, aliye dhaifu, tumuuze au tumlee? Nyanya anasema auzwe, Baraka ameshampa jina, New.

Nijibu kabla ya Jumatano. Dereva anataka idadi, na kijana ameanza kuniuliza kama "barua ya mama" imefika, na mimi sikumwambia kuna barua yoyote.

Shogako wa Sande skuli