Ritifaa katika majina yetu na usalama wa kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi watayarishaji programu wa hapa Nairobi waache kuunganisha majina ya wateja na amri za kompyuta katika mstari mmoja wa maandishi. Kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, jina Wang'ombe likizungushiwa alama za kunukuu za mkato mmoja ('), ritifaa yake, ambayo kwa kompyuta ni alama ileile, huifunga nukuu kabla ya wakati na amri hukwama, ilhali Ng'ang'a hupita kimyakimya likiwa limegeuka Nganga, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi kwa kuwa hakuna anayeonywa. Mwenye nia mbaya akiandika ritifaa, kisha nukta mkato, huweza kuendesha amri yake mwenyewe.

Kupitisha kila kigezo (thamani inayopewa amri, kama vile jina) peke yake katika orodha, bila kupitia sheli, yaani programu inayosoma na kutekeleza mstari wa amri, huiponya Linux. Kwenye Windows hakutoshi, kwa sababu huko programu hupokea mstari mzima na kuugawa yenyewe, tena faili za bechi, yaani faili zenye amri za kuendeshwa mfululizo, zina kanuni zao. Ndiyo maana mwezi Aprili 2024 lugha ya kuandikia programu ya Rust ililazimika kutoa toleo 1.77.2 kuziba mwanya huo. Data ya mteja isipelekwe kamwe kwa faili hizo, na majina yetu halisi yajaribiwe kabla ya kazi kukabidhiwa.

Mtayarishaji programu,
Nairobi