Mwenzako akinyolewa, zako tia maji ya moto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuutetee wembe. Siku hizi mteja akikaa tu kitini utamsikia: "Mashine tu, wembe unanitoa vipele." Wembe unasingiziwa. Vinavyotoa vipele ni ukavu, haraka, na mkono unaonyoa kwenda juu. Wazee walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu wameubeba msemo huo kama onyo na kusahau kwamba pia ni maelekezo ya kazi.

Saluni nyingi za huku kwetu, Mbeya na Iringa, zinanyoa ndevu kwa poda. Unapakwa poda, wembe unapita juu ya ngozi kavu, unamwagiwa spiriti, unakunja uso, umemaliza. Poda inausaidia wembe uteleze, hilo hatukatai, na kwa kuchonga mstari wa paji la uso inatosha. Lakini hailainishi unywele. Unywele mkavu haukatiki vizuri, unakokotwa, na ngozi inakwenda nao.

Kuanzia Juni hadi Agosti hali ni mbaya zaidi. Baridi inakausha ngozi, vinyweleo vinasimama, na maji ya bomba asubuhi hayashikiki. Hapo ndipo taulo la moto linapokuwa kazi yenyewe, wala si mapambo ya saluni za bei kubwa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 tu, lakini hata hayo yanaunguza. Chovya taulo dogo, likamue mpaka lisidondoshe tone, ulijaribu kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Ukivumilia hapo, mteja naye atavumilia. Linakaa usoni dakika 2 hadi 3. Kwa baridi ya Julai taulo moja linapoa kabla ya dakika ya pili kwisha, kwa hiyo andaa mawili na maji kwenye chupa ya chai. Na ni taulo jipya kwa kila mteja. Hakuna "hili limetumika kidogo tu".

Baada ya taulo, povu. Sabuni au krimu ya kunyolea inakorogwa kwa brashi na kupakwa kwa mizunguko, ili unywele uinuke na povu liingie hadi shinani. Liache dakika moja. Likianza kukauka lipake tena, usinyoe juu ya utando mweupe uliokauka.

Kabla ya povu kuna jambo ambalo wengi wanaliruka: kuzipapasa ndevu kwa ncha za vidole. Kidole kikiteleza, unaelekea zinakolala. Kikikwaruzwa, unakwenda kinyume. Mashavuni karibu kila mtu zinalala kwenda chini. Shingoni kila mtu na yake: kuna ambaye zinakwenda pembeni, kuna ambaye zinapanda kuelekea kidevuni, na wengine zinazunguka kama kimbunga chini ya taya. Kinyozi anayeshusha wembe kwa mazoea kwenye shingo ya aina hiyo ananyoa kinyume bila kujua, halafu lawama zinakwenda kwa wembe.

Ubaya wa kunyoa kinyume ni huu. Ndevu zetu zimejikunja tangu shinani. Ukivuta ngozi kwa nguvu na kupandisha wembe, unywele unakatwa ukiwa umevutika nje. Ukiiachia ngozi, ncha inarudi ndani, nayo imekatwa mshazari, kali kama sindano. Ikianza kukua inajikunja na kuchoma ngozi kutokea ndani. Hicho ndicho kipele. Kwa hiyo ngozi ilazwe iwe bapa kwa vidole viwili, isivutwe kama ya ngoma. Wembe uinamishwe nyuzi 30 hivi. Ukiulaza zaidi unateleza juu ya unywele, ukiusimamisha unaparua. Nyoa vipande vifupi vya sentimita 2 au 3 bila kukandamiza. Mteja akitaka uso laini kama wa mtoto, mwambie ukweli: ulaini huo wa leo ndio vipele vya Alhamisi. Ibaki chembe kidogo inayosikika kwa kidole.

Sehemu zinazokatika zaidi ni kona ya taya, chini ya mdomo na kwenye koromeo. Pale kwenye koromeo mwombe mteja ameze mate, kisha isogeze ngozi pembeni ndipo unyoe, usinyoe juu ya mfupa. Damu ikitoka kidogo, shabu inatosha, lakini jiwe moja la shabu lisipite kwa watu kumi. Lisage, weka unga kidogo kwenye pamba, na pamba hiyo itupwe.

Wembe wenyewe uvunjwe katikati mbele ya mteja, ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Nusu moja kwenye kishikio, mteja mmoja, kisha inatupwa kwenye kopo gumu lenye mfuniko, si kwenye kapu la nywele. Wembe mzima haufiki bei ya chapati. Anayeurudia anaokoa nini? Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi kwenye kitu kikavu siku 7, damu isiyoonekana kwa macho ikitosha kukibeba, na watu wazima wengi hawajachanjwa. Na mkoa jirani wa Njombe ulikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 4.4. VVU kwa wembe wa kinyozi si jambo la kila siku, ila hakuna sababu ya kubahatisha.

Kishikio kisuguliwe kwa sabuni na brashi kwanza, ndipo kiingie kwenye spiriti ya asilimia 70. Ile ya 95 inakauka upesi mno kabla haijafanya kazi. Kile kiboksi cha kuua vijidudu chenye taa ya bluu kinapendeza, lakini mwanga unafanya kazi pale tu unapofika. Vifaa vilivyorundikwa humo vikiwa na nywele na mafuta vinatoka kama vilivyoingia. Na kinyozi anayepuliza wembe kwa mdomo ili kutoa nywele, mteja ana haki ya kusimama na kuondoka.

Spiriti ni ya vyuma. Uso umalizie kwa maji baridi, ufutwe kwa kugusagusa, kisha mafuta mepesi.

Wako ambao tunawanyima wembe, na wasituchukie. Mwenye vipele tayari apumzike wiki nne hivi, apunguze kwa mashine inayobakisha milimita moja. Mwenye vinundu vigumu kisogoni asichongwe mstari kwa wembe kule nyuma hata akibembeleza, kila mchoro unavikuza. Vikiendelea kukua, kinyozi hana dawa yake, aende hospitali.

Kazi hii ikifanywa hivyo inakula dakika 25 hadi 30. Ya poda ni dakika 7. Mwenye saluni anahesabu vichwa, mteja anaangalia simu, kinyozi yuko katikati, na ndiyo maana taulo la moto limekufa kimyakimya. Anayetaka kunyolewa kwa wembe asije Jumamosi jioni wakati benchi limejaa. Jumanne asubuhi kiti kiko wazi na maji yako jikoni.

Vinyozi wanne,
Mbeya na Iringa.