Kunenepa si kigezo

Mhariri,

Kila tukiuliza hali ya wanyama wanaofugwa kwenye bustani za maonyesho, jibu ni lilelile: "Wanakula, wamenenepa." Kaavan, tembo wa Islamabad nchini Pakistani, naye alikuwa mnene kupita kiasi. Lakini tangu mwenzake Saheli afe mwaka 2012 aliishi peke yake, akiyumbisha kichwa huku na huku, dalili ya mnyama mwenye msongo. Mahakama Kuu iliamuru ahamishwe, na Novemba 2020 akapelekwa kwa ndege hadi Kambodia.

Wakaguzi wasiishie kwenye mizani (hiyo ni kazi ya buchani). Wakae mbele ya banda asubuhi nzima, wahesabu: simba amezunguka njia ileile mara ngapi? Ana kivuli? Ana pa kujificha macho yetu yakimchosha?

Msomaji,
Dar es Salaam