Kifafa cha kijeni si lazima kitoke kwa ukoo

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu kifafa ilikuwa na sentensi moja ambayo siwezi kuinyamazia: kwamba ugonjwa ukiwa wa kijeni, basi umetoka kwa baba au kwa mama. Najua iliandikwa kwa nia njema. Lakini huku Butere sentensi kama hiyo huvunja nyumba. Kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka, shangazi hutumwa kuchunguza ukoo wa msichana, na kifafa ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa. Mtoto akizaliwa na kuanza kupatwa na mishtuko akingali mchanga, macho yote hugeukia upande wa mama. Wapo wanaorudishwa kwao kwa sababu hiyo. Naomba basi nafasi nieleze jambo ambalo hata sisi walimu wa Biolojia hulipita mbio darasani.

Tunafundisha kwamba kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na DNA ileile iliyokuwa katika yai lililorutubishwa. Kwa mtihani inatosha. Kwa ubongo, si kweli kikamilifu.

Mrija wa neva, ambao ndio chimbuko la ubongo, hufungika takriban wiki ya nne tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama mwenyewe akiwa hajajua kwamba ni mjamzito. Seli zilizo kwenye ukuta wa ndani wa mrija huo hugawanyika tena na tena. Kiini cha seli husogea mbali na uwazi wa ndani, hunakili DNA yote, kisha hurudi ukingoni ndipo seli igawanyike. Ile inayogeuka kuwa nyuroni, yaani seli ya neva, haigawanyiki tena. Hupanda ikifuata nyuzi za seli nyingine hadi kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na zinazochelewa kuzaliwa huzipita zilizotangulia na kukaa juu yao. Mtu mzima ana nyuroni zipatazo bilioni 86, na karibu zote za gamba la ubongo huwa zimeshaundwa kabla hajazaliwa. Kazi kubwa namna hiyo, katika miezi michache hivyo! Makosa ya kunakili hayakosi. Mengi seli huyarekebisha, mengine hubaki, na kwa kuwa nyuroni haigawanyiki tena, huishi nayo hadi mtu afe.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Jerold Chun akiwa miongoni mwao, waliripoti kwamba karibu theluthi moja ya seli changa walizochunguza katika ubongo wa vijusi vya panya hazikuwa na idadi kamili ya kromosomu. Mbinu za baadaye za kusoma DNA ya seli mojamoja zimeonyesha kwamba kromosomu nzima kupotea au kuzidi ni nadra zaidi ya hapo. Hata hivyo, mwaka 2013 utafiti wa nyuroni za binadamu ulikuta kwamba kati ya asilimia 13 na 41 ya nyuroni zilizochunguzwa zilikuwa na kipande kikubwa cha DNA kilichopotea au kilichojirudia. Wengi wetu tunatembea na ubongo wa namna hiyo, wazima kabisa.

Shida huja badiliko likiangukia jeni inayosimamia ukuaji wa seli, tena mapema, kabla seli hiyo haijazaa nyingine nyingi. Kuna watoto ambao upande mmoja wa ubongo hukua kupita kiasi na kuwaletea kifafa kikali. Mwaka 2012 watafiti walichunguza vipande vya ubongo vilivyotolewa wakati wa upasuaji wa watoto kama hao, wakakuta mabadiliko katika jeni zinazoitwa PIK3CA, AKT3 na MTOR, katika sehemu tu ya seli. Wazazi hawakuwa nayo. Mara nyingi hata damu ya mtoto mwenyewe haiyaonyeshi, kwa sababu yalianzia katika ubongo ulipokuwa ukijijenga. Hapo utamlaumu nani? Ukoo gani?

Sikatai kwamba kuna kifafa cha kurithi. Kipo. Na hapa kwetu kuna visababishi vingine ambavyo havihusiani na jeni hata kidogo: malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali za boda boda, hata mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa na mabuu yake yakafika kwenye ubongo. Kinachoniuma ni kwamba familia ikishaamua kwamba ni damu ya mama, safari ya kliniki hukoma. Mtoto ambaye dawa ya kila siku ingeweza kumtuliza huachwa aanguke kwenye moto wa jikoni.

Ninaloomba ni dogo. Chapisheni sahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, mseme kwamba kifafa kinaweza kutokana na jeni bila kurithiwa kwa baba wala kwa mama. Magazeti yenu husomwa kwa sauti vibandani na kwenye baraza za wazee. Wakisikia ya kwanza, wasikie na hili.

Mwalimu wa Biolojia,
Butere, Kaunti ya Kakamega